Indri wa Madagaska na kuvumwani ya Derbyshire: hatari moja, vipimo viwili

Katika misitu ya mvua ya mashariki mwa Madagaska anaishi indri, ambaye Wamalagasi humwita babakoto, na ambaye ndiye mkubwa kuliko lemuri wote, yaani wanyama wa jamii ya kima wa kisiwa hicho, waliobaki duniani. Mbali sana na huko, katika bonde moja la miamba ya chokaa huko Derbyshire, Uingereza, kwenye kijito kinacholishwa na chemchemi, huota kuvumwani, mmea mdogo wa kijani, ambayo wanasayansi wameipa jina la Thamnobryum angustifolium, na ambayo haijulikani kuota mahali pengine popote. Wote wawili wanahesabiwa miongoni mwa viumbe vilivyo katika hatari ya kutoweka, na kwa sababu hiyo huulizwa swali linaloonekana jepesi: ni yupi aliye hatarini zaidi, na ni yupi aanze kuokolewa? Ndani ya swali hilo yamo maswali kadhaa yaliyosokotwa pamoja, na anayelijibu kabla ya kuyatenganisha hujikuta akibishana kuhusu jambo moja kwa hoja za jambo jingine.

Tuanze na mnyama. Indri mzima ana uzito wa kilo 6 hadi 9 hivi, manyoya meusi yenye mabaka meupe, na mkia mfupi mno kwa lemuri. Huishi katika familia ndogo ya dume, jike na watoto wao, na chakula chake kikuu ni majani machanga, akiongezea mbegu, maua na matunda. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jamaa yake wa karibu kuliko wote ni komba, kwa maana komba na lemuri wanatokana na ukoo mmoja wa kale, na wanasayansi wengi wanaamini kwamba mababu wa lemuri walivuka kutoka bara la Afrika makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, pengine wakiwa juu ya magogo na mimea iliyosombwa na mito hadi baharini. Asubuhi familia za indri huimba kwa pamoja, na sauti hiyo husikika umbali wa kilomita kadhaa. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba nyimbo hizo zina mpangilio wa mapigo wa aina iliyozoeleka katika muziki wa binadamu, jambo lililokuwa halijaonekana kwa mamalia mwingine.

Udhaifu wake mkubwa ni uzazi. Jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka saba hadi tisa, na baada ya hapo huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu. Msitu unapofyekwa kwa ajili ya kilimo cha kuhamahama, ambacho Wamalagasi hukiita tavy, au unapokatwa kwa ajili ya mkaa, mbao na uchimbaji wa madini, familia za indri hupungua haraka kuliko zinavyoweza kujijaza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba Madagaska ilipoteza asilimia 44 ya misitu yake ya asili kati ya 1953 na 2014. Zamani jamii nyingi za mashariki zilikuwa na mwiko wa kumuua babakoto, kwa kuwa hadithi zao humtaja kama ndugu wa binadamu au mwokozi wa mababu. Mwiko huo bado upo mahali pengi, lakini umelegea pale ambapo wageni wasioufuata wamehamia, na pale ambapo njaa imezidi nguvu ya desturi.

Kuhusu kuvumwani, jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba tunazungumzia mmea kamili wa kijani, wala si kuvu wala si mwani. Ni mimea midogo inayofunika mawe yenye unyevu, magogo na kuta za zamani. Haina mizizi ya kweli, haina maua, haina mbegu. Majani yake mara nyingi yana unene wa seli moja tu, na kwa hiyo hunywa maji na madini kupitia uso wake wote, jambo linaloifanya iathirike upesi na chochote kilichomo ndani ya maji au hewa. Huzaliana kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, chembe ya kiume ya uzazi huogelea ndani ya utando wa maji hadi kwenye yai, na kutokana na yai hilo huota kijiti chembamba chenye kifuko cha spora, yaani chembe ndogo za uzazi, ambazo hupeperushwa na upepo. Katika namna ya pili, kipande kilichomeguka huota upya na kuwa mmea mwingine, bila kuhitaji mzazi wa pili.

Kuvumwani ya Derbyshire iligunduliwa mwaka 1883. Kundi lake kuu limefunika eneo la takriban mita tatu za mraba kwenye mwamba unaolowa daima, pamoja na vipande vidogo vichache jirani. Chumba cha kawaida cha kulala kina sakafu kubwa zaidi ya dunia yote ya spishi hii. Ukame mkali mmoja, au kemikali iliyomwagwa juu ya chemchemi siku moja, inaweza kuimaliza.

Sasa tukirudi kwenye swali la nani yuko hatarini zaidi, tunahitaji kujua kipimo kinachotumika. Orodha Nyekundu ya Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, ambao hujulikana zaidi kwa herufi IUCN, haipimi thamani ya kiumbe, uzuri wake wala mateso yake. Inapima jambo moja tu, yaani uwezekano wa spishi kutoweka, na inalipima kwa vigezo kadhaa ambavyo spishi ikitimiza kimojawapo tu inatosha kuingizwa katika daraja husika. Kigezo kimoja huangalia kasi ya kupungua: spishi iliyopoteza asilimia 80 au zaidi ya idadi yake katika miaka kumi au vizazi vitatu, kutegemea kipi ni kirefu zaidi, huwekwa katika daraja la hatari ya juu kabisa. Kingine huangalia udogo wa eneo, lakini kwa sharti kwamba kuwe pia na dalili nyingine, kwa mfano kupungua kunakoendelea au idadi kuyumba sana. Kingine tena huangalia uchache wenyewe, na hapo mpaka wa daraja la juu ni viumbe wakomavu wasiofika 50.

Indri yuko katika daraja hilo la juu, lakini si kwa sababu ya uchache. Makadirio ya idadi yake yanaanzia elfu moja na kufika elfu kumi, kiasi ambacho kingekuwa utajiri kwa lemuri wengine. Ameingia kwa kigezo cha kasi: vizazi vyake vitatu ni miaka 36 hivi, na katika muda wa urefu huo inakadiriwa kwamba kupungua kwake kunafikia asilimia 80. Kwa hiyo tunaposema kwamba indri anakaribia kutoweka, tunasema habari ya mwendo zaidi kuliko habari ya hesabu.

Kuvumwani ya Derbyshire ni kinyume chake. Imekuwa chache tangu siku ilipogunduliwa, na mwendo wake wa kupungua si jambo linalojitokeza kama ule wa indri. Mtu angedhani kwamba mita tatu za mraba zinatosha zenyewe kuiweka katika daraja la juu, lakini sivyo vigezo vinavyofanya kazi. Kwanza, eneo la spishi hupimwa kwa miraba ya kilomita mbili kwa mbili, na kwa hiyo spishi iliyo kwenye mwamba mmoja huandikwa kuwa na eneo la kilomita nne za mraba, ambalo ndilo dogo kabisa linalowezekana kwa kipimo hicho. Pili, udogo wa eneo bila kupungua huipeleka spishi katika daraja la tatu tu, lile la viumbe vinavyoweza kudhurika, chini ya kifungu kilichotengwa kwa spishi zenye makazi machache mno. Kinachobaki ni kuhesabu viumbe wakomavu, na hapa ndipo sayansi inapolazimika kukubaliana kuhusu jambo ambalo kwa indri halimsumbui mtu yeyote.

Kuvumwani mmoja ni kitu gani? Indri mmoja ni indri mmoja. Ana ngozi inayomtenganisha na mwenzake. Lakini kundi la kuvumwani juu ya mwamba linaweza kuwa na maelfu ya vichipukizi, vyote vikiwa vimetokana na spora moja na vikiwa na jeni zilezile, au linaweza kuwa mchanganyiko wa mimea mingi isiyohusiana, na kwa macho huwezi kutofautisha hali hizo mbili. Ukihesabu kila kichipukizi, spishi hii ina idadi kubwa ajabu. Ukihesabu kila mmea wenye jeni zake wenyewe, pengine ni michache sana, lakini utahitaji maabara ili kujua. Wataalamu wa mimea hii walipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1990 kanuni ya makubaliano: kwa kuvumwani ya ardhini au mawe, kila mita moja ya mraba ihesabiwe kama kiumbe mmoja. Ukiitumia kanuni hiyo kikamilifu huko Derbyshire, kundi kuu lina viumbe watatu, na spishi inaingia mara moja katika daraja la juu kabisa la hatari. Ukiiacha, inashuka madaraja mawili ya hatari, ilhali pale kwenye mwamba hakuna kichipukizi hata kimoja kilichoongezeka wala kilichokufa.

Silitaji hili ili kudharau orodha. Kipimo kinachojaribu kuweka mnyama mwenye kilo tisa na mmea usio na mizizi katika jedwali moja lazima kiwe na makubaliano ya namna hii, na ni heri makubaliano yaliyoandikwa wazi kuliko hisia za mtu. Lakini msomaji anayeona daraja la hatari la spishi mbili tofauti hivi anapaswa kujua kwamba daraja linalofanana linaweza kuwa limefikiwa kwa njia zisizokutana kabisa. Vilevile anapaswa kujua kwamba kutokuwemo katika orodha si dalili ya usalama. Mamalia wa dunia karibu wote wamekwisha kutathminiwa, na mwaka 2020 ilitangazwa kwamba spishi 103 kati ya 107 za lemuri zilikuwa tishioni. Kuvumwani zina spishi zipatazo elfu kumi na mbili, na zilizotathminiwa kwa kiwango cha dunia nzima ni sehemu ndogo tu.

Idadi hiyo ya lemuri nayo ina fundo lake. Katikati ya miaka ya 1990 vitabu vilitaja spishi za lemuri zipatazo 32. Leo zinatajwa zaidi ya 100, na sababu kubwa si kwamba misitu mipya ilivumbuliwa, bali kwamba uchunguzi wa jeni ulizigawa spishi za zamani katika spishi kadhaa, kila moja ikiwa na eneo dogo zaidi na hivyo hatari kubwa zaidi. Kuvumwani ya Derbyshire ina shaka inayofanana na hiyo, kwa kuwa ina ndugu wa karibu sana, Thamnobryum alopecurum, ambaye ni wa kawaida kabisa katika Ulaya, na inajulikana kwamba kuvumwani za mitoni hubadili umbo kufuatana na nguvu ya maji. Ni mahali gani spishi moja inaishia na nyingine inaanza, hilo huamuliwa kabla ya hesabu yoyote, na huamuliwa na binadamu.

Tukiacha kuhesabu na kugeukia kuokoa, mambo yanapinduka. Indri hajawahi kufugwa kwa mafanikio. Waliojaribu kumweka katika bustani za wanyama walimpoteza, na hakuna mtoto wa indri aliyezaliwa na kukua kifungoni, hasa kwa sababu lishe yake ya majani ya aina nyingi ya msitu ule haiigiki. Hakuna akiba ya indri mahali pengine. Msitu ukiisha, naye ameisha. Kuvumwani, ambayo wengi wangeiona dhaifu, ndiyo inayohifadhika kwa urahisi zaidi: kipande kidogo kinaweza kuoteshwa maabara, na spishi nyingi zimehifadhiwa zikiwa hai ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha zikaamshwa na kuendelea kukua. Kasoro ya njia hii ni kwamba inahifadhi mmea bila mahali pake, na bila chemchemi isiyokauka hakuna pa kuurudisha.

Hata umaarufu huwafaa kwa namna zinazopingana. Huko Andasibe, eneo la msitu mashariki mwa Madagaska, watalii hufika alfajiri kusikiliza indri, wanalipa waongozaji wa kijijini, na chama cha wenyeji kiitwacho Mitsinjo kinalinda sehemu ya msitu na kupanda upya miti ya asili, kwa hiyo kila anayempenda babakoto anaongeza sababu ya mkulima kuuacha msitu usimame, ingawa fedha hiyo haifiki kila mlango na haitoshi kulinganishwa na uhitaji wa mpunga. Kuvumwani ya Derbyshire ikipata mashabiki wa aina hiyo itakanyagwa na kuchumwa hadi iishe. Ndiyo maana mahali pake hasa hapatangazwi.

Limebaki swali la sababu ya kuwaokoa, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalochanganywa zaidi. Watu wengi humtetea lemuri kwa hoja ya huruma: ana macho, ana mtoto mgongoni, huumia. Hoja hiyo ni ya kweli na nzito, lakini inamhusu indri mmoja mmoja, na ingekuwa na uzito uleule hata kama indri wangekuwa milioni kumi. Kuvumwani haina neva wala ubongo, na hakuna ubaya unaotendeka kwake mtu anapobandua konzi moja ya aina iliyo tele. Anayeitegemea huruma peke yake hana cha kusema juu ya mwamba wa Derbyshire.

Wengine hutumia hoja ya faida, na kwa kuvumwani kwa jumla wana ushahidi mzuri, baadhi yake kutoka kwetu. Mtafiti Tamás Pócs alipima misitu ya ukungu ya milima ya Uluguru, Tanzania, na mwaka 1980 alichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mimea inayoota juu ya miti, kuvumwani zikiwa sehemu yake kubwa, inaweza kushika maji takriban lita 50,000 kwa hekta katika mvua moja, na kuyaachia polepole kuelekea mito ambayo, kupitia Ruvu, huinywesha Dar es Salaam. Katika nchi za baridi, kuvumwani za jamii ya Sphagnum hujenga ardhi ya mboji, na ardhi za namna hiyo, ambazo ni asilimia 3 tu ya nchi kavu, zina kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote ya dunia. Lakini kazi hizo hufanywa na spishi zilizo nyingi. Mita tatu za mraba hazizuii mafuriko. Na kwa lemuri ni vivyo hivyo: lemuri wa jamii ya Varecia humeza matunda makubwa na kusambaza mbegu zake, ilhali indri mbegu nyingi anazokula huzitafuna kabisa. Kiumbe kikishakuwa adimu mno, faida yake kwa mfumo mzima huwa ndogo kwa sababu ya uadimu wenyewe, na anayeitetea spishi adimu kwa hoja ya faida pekee atajikuta ameiacha wakati ule inapomhitaji.

Hoja iliyobaki ni ya upekee, yaani kwamba kinachopotea hakitatokea tena. Hapa wote wawili wanaweza kulinganishwa kwa haki, na matokeo hayaelekei upande mmoja. Indri ndiye spishi pekee ya jenasi yake, yaani kundi la spishi zinazohusiana kwa karibu. Kuvumwani ya Derbyshire, ikiwa kweli ni spishi, huenda imetengana na nduguye kwa muda mfupi. Lakini asikimbilie mtu kusema kwamba mnyama ameshinda, kwa kuwa ipo kuvumwani nyingine, Takakia, ambayo ukoo wake ulianza njia yake takriban miaka milioni 390 iliyopita, kabla ya milima ya Himalaya inayoibeba leo kuinuka. Utafiti wa zaidi ya muongo mmoja huko Tibet, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba eneo inalolifunika lilikuwa likipungua kwa asilimia 1.6 kila mwaka huku joto likipanda. Kwa kipimo cha upekee, hakuna lemuri anayeikaribia.

Kwa upande wa sheria, viumbe wote wawili wamelindwa, na wote wawili wamelindwa dhidi ya kitu kisicho hatari yao kubwa. Lemuri wote wamo katika kiambatisho cha kwanza cha mkataba wa CITES, unaozuia biashara ya kimataifa, wakati indri anamalizwa na shoka, moto na uwindaji wa ndani ya nchi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuchuma au kuharibu kuvumwani ya Derbyshire, wakati uhai wake unategemea maji yanayopita chini ya mashamba ya watu wengine kabla ya kutokeza kwenye chemchemi. Tofauti ni kwamba msitu unaolindwa kwa jina la indri unalinda pia kuvumwani nyingi za Madagaska ambazo hakuna aliyewahi kuzitathmini, ilhali katika bonde la Derbyshire hakuna mnyama mashuhuri ambaye ulinzi wake ungeufunika mwamba ule. Huko kazi yote inabaki kwa wanaopima maji ya chemchemi na kujua mbolea na dawa zinazomwagwa kwenye mashamba yaliyo juu yake.